Jinsi ya kuikabidhi kazi ya sanaa ya video kwa taasisi inayoisambaza na kuihifadhi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msanii mwenye kazi za video ambaye angependa zionekane mbali na nyumbani na zibaki salama baada yake, na pia kwa ajili ya mjane, mtoto au rafiki aliyeachiwa sanduku la kaseti na hajui aanzie wapi. Unahusu sanaa ya video, yaani kazi zinazoonyeshwa katika majumba ya sanaa, makumbusho, vyuo na maonyesho maalumu. Filamu ya kuuzwa kwa majumba ya sinema au vituo vya televisheni ina wasambazaji wake na taratibu zake, na anayeyachanganya mambo hayo mawili hupoteza miezi akiwaandikia watu wasiohusika.

Taasisi ninazozizungumzia si nyingi duniani. New York iko Electronic Arts Intermix, iliyoanzishwa mwaka 1971 na Howard Wise, mwenye jumba la sanaa ambalo mwaka 1969 lilifanya maonyesho yaliyoichukulia televisheni kuwa chombo cha msanii, kisha akalifunga ili awatumikie wasanii ambao kazi zao hazikuweza kutundikwa ukutani na kuuzwa kama picha za kuchora. Chicago iko Video Data Bank, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Lyn Blumenthal na Kate Horsfield ndani ya chuo cha School of the Art Institute of Chicago. London iko LUX, iliyoanza mwaka 2002 ikiwa mrithi wa London Film-Makers' Co-op ya mwaka 1966 na London Video Arts ya mwaka 1976. Toronto kuna Vtape tangu mwaka 1980. Ufaransa kuna Heure Exquise! tangu mwaka 1975. Brussels kuna argos tangu mwaka 1989. Na Amsterdam kuna LIMA, iliyoundwa mwaka 2013 ili iendeleze kazi ya taasisi iliyochipuka kutoka Montevideo, jumba la sanaa ya video lililofunguliwa na René Coelho mwaka 1978.

Karibu zote zilianza kwa kusambaza tu. Msanii alileta kaseti, taasisi ikatengeneza nakala na kuwakodisha walimu na waandaaji wa maonyesho. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano ikagundulika kwamba kaseti zilizokuwa kwenye rafu za wasambazaji mara nyingi ndizo nakala bora zilizobaki duniani, kwa kuwa za msanii zilikuwa zimefutwa, zimeazimwa au zimeharibika, na kwamba mashine za kuzisomea zilikuwa zinatoweka. Hivyo wasambazaji wakawa watunza hifadhi. Ukiielewa historia hiyo utaelewa kwa nini taasisi hizi zinauliza maswali mengi kuhusu hali ya kaseti na mafaili yako kabla ya kuzungumzia fedha.

Fahamu biashara yao

Msambazaji wa sanaa ya video hanunui kazi yako. Hupokea nakala bora, huiingiza katika katalogi yake, kisha huikodisha au huiuza kwa bei inayofuata matumizi: onyesho moja ukumbini, wiki kadhaa katika jumba la sanaa, nakala ya maktaba ya chuo kwa kufundishia, au nakala ya kudumu ya makumbusho. Malipo yanapoingia, sehemu hubaki kwa taasisi na sehemu humwendea msanii, na mgawanyo wa nusu kwa nusu ni wa kawaida. Hakimiliki hubaki kwa msanii. Fedha zenyewe mara nyingi ni kidogo, nasi hatuna budi kulisema hilo mapema: kazi fupi ya msanii asiyejulikana inaweza kumaliza mwaka mzima ikiwa imekodishwa mara mbili tu.

Jumba la sanaa la kibiashara hufuata njia nyingine. Hutoa nakala chache zilizohesabiwa, tuseme tatu au tano, pamoja na moja au mbili za msanii mwenyewe, na kumwahidi mnunuzi kwamba hazitaongezwa. Thamani ya nakala inatokana na uchache wake. Ni dhahiri kwamba kazi iliyouzwa kwa ahadi hiyo haiwezi tena kukodishwa bila kikomo, na wako wasanii walioingia katika ugomvi na wanunuzi kwa kutolifikiria jambo hili. Njia ambayo wengi huifuata ni kuugawa utaratibu kwa maandishi: usanikishaji wa skrini nyingi, yaani kazi inayopangwa ikaenea chumbani, unauzwa kwa nakala chache, na toleo la skrini moja, kwa ajili ya kumbi na madarasa, linakwenda kwa msambazaji. Ushauri wangu kwa kijana anayeanza ni kwamba aanze na usambazaji, kwa sababu mwalimu anayeionyesha kazi yako darasani kila mwaka hukutafutia watazamaji ambao hungewafikia kwa namna nyingine yoyote, na baadhi ya wanafunzi hao ndio watakaokuja kuandaa maonyesho.

Orodhesha ulichonacho

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, toa kaseti, diski na flashi zote, ziweke mezani, na uandike daftari. Kwa kila kimoja andika jina la kazi, mwaka, urefu kwa dakika na sekunde, rangi au nyeusi na nyeupe, lugha inayosikika, aina ya kaseti, mfumo wa picha, na mahali kilipo. Kaseti zilizorekodiwa Tanzania au Kenya kwa kawaida zitakuwa za PAL, lakini msanii aliyesoma Marekani anaweza kuwa na za NTSC, na deki ya mfumo mmoja huenda isiusome mwingine. Piga picha lebo na majalada, hata yale yenye mwandiko usiosomeka, kwa sababu mara nyingi tarehe pekee ya kazi imo humo. Usizicheze kaseti ili ujue kilichomo. Soma kwanza kilichoandikwa juu yake, na vunja kile kipande kidogo cha plastiki, au sogeza swichi, ili kaseti isiweze kurekodiwa tena.

Jambo la kulifuatilia kwa bidii kuliko yote ni kizazi cha nakala. Kaseti ya VHS iliyonakiliwa kutoka VHS nyingine hupoteza rangi na ukali wa picha, na kila unakili unaofuata huongeza hasara. Kwa hiyo uliza: hii ndiyo iliyotoka kwenye chumba cha uhariri, au ni ya kugawia marafiki? Ile ya kwanza, yaani nakala mama, inaweza kuwa haipo nyumbani kabisa. Msanii mmoja rafiki yangu aliituma nakala mama yake pekee kwenye tamasha moja nje ya nchi, na baada ya miezi ikarudi bahasha yenye barua ya shukrani bila kaseti. Alichobaki nacho ni DVD iliyobanwa sana, na ndiyo hiyo kazi yake inayoonekana leo. Waandikie waandaaji wa zamani, watangazaji, vyuo na wapigapicha ulioshirikiana nao, ukiuliza kwa upole kama wana chochote; aghalabu nakala iliyodhaniwa kupotea hupatikana kabatini kwa mtu mwingine.

Ziokoe kaseti

Hapa ndipo muda unapobana. Mwaka 2015 Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ilichapisha onyo kwamba kaseti ambazo zisingekuwa zimehamishiwa kwenye mfumo wa dijitali kufikia mwaka 2025 zingepotea kwa sehemu kubwa, kutokana na kuchakaa kwa kaseti zenyewe na kutoweka kwa deki, vipuri na mafundi. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo iliyokuwa bado inatengeneza deki za VHS, iliacha. Tarehe ya Waaustralia imefika, na kaseti nyingi bado zinasomeka, lakini gharama ya kusoma kila moja imepanda na itazidi kupanda.

Kaseti ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku kwa gundi. Gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, hulainika, na mwishowe utepe hunata kwenye vichwa vya deki na kuacha uchafu wa kahawia. Katika mwambao wetu, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima na nyumba nyingi hazina kiyoyozi, tatizo hilo huja mapema na huongezewa na ukungu. Tazama kupitia kidirisha cha kaseti: ukiona unga mweupe au utando kwenye kingo za utepe, usiiingize katika deki hata kwa sekunde moja, maana ukungu utabaki ndani na kuzipata kaseti zote zitakazofuata. Itenge peke yake, vaa barakoa na glavu unapoishika, iweke mahali pakavu, na mwachie fundi mzoefu aisafishe. Kaseti zinazonata mafundi wa hifadhi huzipasha joto la nyuzi 50 hadi 55 kwa saa nyingi, katika tanuri linalodhibitiwa vizuri, na gundi hushika tena kwa muda unaotosha kuzinakili. Si kila aina ya utepe inafaa kufanyiwa hivyo, wala jambo hilo halifanywi kwa jiko la nyumbani au kwa kuanika juani.

Zisizo na dalili za ugonjwa zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na spika na mota, katika chumba cha baridi na kikavu kuliko vyote ndani ya nyumba, zikiwa zimefungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyobadilishwa mara kwa mara. Hifadhi za kitaalamu hulenga joto lisilozidi nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Nyumbani hutalifikia lengo hilo Mombasa wala Unguja, lakini kuhamisha sanduku kutoka chini ya paa la bati hadi kabati la chumba cha ndani ni hatua kubwa, na haigharimu kitu.

Unapotafuta mahali pa kuhamishia, muulize fundi maswali yafuatayo na usione haya kuyauliza. Je, deki yake husafishwa kabla ya kila kaseti? Je, ana kifaa cha kunyoosha mtiririko wa picha, kinachozuia mistari isitikisike? Atakupa faili la aina gani? Mafundi wa mitaani wanaohamisha kaseti za harusi kwenye flashi hufanya kazi nzuri kwa ajili ya kutazama, lakini faili lao la MP4 limebanwa na halifai kuwa nakala mama. Hifadhi huhitaji faili lisilobanwa, ambalo kwa picha ya PAL ya biti 10 huchukua karibu GB 100 kwa saa moja, au faili la FFV1 (namna ya kubana picha bila hasara) ndani ya Matroska (aina ya faili), ambalo huchukua nafasi ndogo zaidi bila kupoteza hata nukta moja ya picha, na programu za kulisoma ni za bure na ziko wazi kwa wote. Kaseti za MiniDV ni suala jingine: ndani yake tayari kuna data za dijitali, kwa hiyo zinakiliwe kama data kwa waya wa FireWire, takriban GB 13 kwa saa, na kamwe zisipitishwe kwenye waya wa picha wa kawaida na kurekodiwa upya.

Mwambie fundi asiboreshe chochote. Asinyooshe picha ya uwiano wa 4:3 ili ijaze skrini pana ya siku hizi, asikate kingo, asiondoe mistari ya kupishana ambayo video za zamani hujengwa nayo, asiongeze rangi, asipunguze kelele ya sauti. Mambo hayo yanaweza kufanywa baadaye kwenye nakala ya kuonyeshea, lakini yakifanywa kwenye nakala mama hayarudishiki. Fedha zikiwa haba, anza na kaseti ambazo hazina nakala nyingine popote, na kati ya hizo tanguliza tepu za rili, kisha U-matic, kisha Video8, Hi8 na MiniDV. Baada ya kuhamisha, usizitupe kaseti.

Andika namna kazi inavyopaswa kuonekana

Faili zuri bado si kazi kamili. Kwa video ya skrini moja inayotazamwa ukumbini, ukurasa mmoja unatosha: uwiano wa picha, sauti ya spika mbili au moja, giza au mwanga, kama inarudiwa bila kukoma au ina saa maalumu za kuanza. Kwa usanikishaji, kurasa kumi zinaweza zisitoshe. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alipoonyesha kazi yake ya video katika Biennale ya Venice mwaka 2015, picha ilienea kwenye skrini tatu zilizounganika. Mtu akikuta mafaili matatu bila maelezo, hawezi kujua lipi liko kushoto, kama yanaanza kwa pamoja, wala upana wa ukuta. Andika hayo yote, chora ramani ya chumba kwa vipimo vya mita, na urekodi kwa simu matembezi ndani ya maonyesho huku ukieleza kwa sauti kile unachokiona. Rekodi hiyo ya simu itakuja kuwa na thamani kuliko unavyodhani.

Swali gumu ni la mashine. Ikiwa kazi yako ilionyeshwa kwenye runinga za chogo, je, chogo ni sehemu ya kazi, au ilitumika kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo? Runinga hizo hazitengenezwi tena, na zilizobaki zinazeeka. Ziko taasisi zinazokusanya mashine za zamani na vipuri vyake. ZKM ya Karlsruhe, Ujerumani, imekuwa na maabara ya mifumo ya video iliyopitwa na wakati tangu mwaka 2004. Hata hivyo siku itafika ambapo itabidi mtu aamue, nawe ukiwa hai ndiye mwenye haki ya kuamua. Jumba la Guggenheim la New York lilikuwa na mradi uliowapangia wasanii maswali ya namna hii kwa njia nne: kuhifadhi mashine ileile, kuiga tabia yake kwa mashine mpya, kuhamisha kazi kwenda mfumo unaofuata, au kuifasiri upya kabisa. Jibu kwa kila kifaa, moja moja: projekta, runinga, spika, kiti anachokalia mtazamaji.

Kuhusu lugha, tayarisha maandishi kamili ya maneno yote yanayosemwa, kwanza kwa Kiswahili jinsi yalivyotamkwa, kisha tafsiri ya Kiingereza na ya lugha nyingine itakayohitajika. Usimpe kazi ya Kiswahili cha Lubumbashi mtafsiri anayekijua Kiunguja tu, wala mazungumzo ya Kimvita mtu asiyewahi kuishi na wenyeji wa Mombasa; nimeona tafsiri zilizogeuza utani kuwa matusi. Manukuu yawe katika faili lake, yasiunganishwe na picha katika nakala mama, ili yaweze kurekebishwa na ili lugha mpya iongezwe bila kuigusa kazi.

Chagua na uandike barua

Katalogi za taasisi hizi zinasomeka kwenye tovuti zao, na siku mbili za kuzisoma hukuepusha na mwaka wa kusubiri. Tafuta wasanii ambao kazi yako ingekaa kando yao katika programu ya dakika sitini. Video Data Bank ina mizizi katika mahojiano ya wasanii na katika sanaa ya wanawake na wanaharakati. Electronic Arts Intermix ina hazina kubwa ya video za mwanzo. LUX inaegemea wasanii wenye uhusiano na Uingereza. Vtape ni ya Kanada kwa sehemu kubwa. LIMA, pamoja na kusambaza, hutoa huduma ya kuhamisha na kuhifadhi kwa malipo, kwa hiyo mtu anaweza kuiendea kwa uhifadhi pekee. Baadhi ya taasisi hupokea maombi, nyingine huchagua zenyewe baada ya kuiona kazi mahali fulani. Kwa hizi za pili, njia ni kuonyesha kwanza hapa kwetu na katika maonyesho wanayoyafuatilia. Biennale ya Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kituo cha sanaa kiitwacho Picha ambacho Sammy Baloji ni mmoja wa waasisi wake, ni mahali ambapo waandaaji wa Ulaya na wa Afrika hukutana wakitazama video.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja kazi mbili au tatu, si zote. Kwa kila moja toa mwaka, urefu, sentensi mbili za maelezo, mahali ilipoonyeshwa, na kiungo chenye neno la siri ambacho hakitakufa baada ya wiki. Sema wazi hali ya nakala mama: ni faili gani, au ni kaseti gani na iko wapi. Mistari hiyo miwili kuhusu nakala mama humtofautisha mwandishi na wengine wengi, kwa kuwa inamwonyesha msomaji kwamba hataanza kazi ya uokoaji asiyoitarajia. Kisha subiri miezi mitatu kabla ya kukumbusha, na usitume kaseti wala diski bila kuombwa.

Mkataba

Soma mkataba ukiwa na mtu anayeijua sheria, au walau ukiwa na rafiki mvumilivu na kalamu nyekundu. Kifungu cha kwanza cha kutafuta ni kama usambazaji ni wa pekee au si wa pekee. Wasambazaji wengi wa sanaa ya video hukubali mkataba usio wa pekee, unaokuacha huru kuonyesha kazi mwenyewe, kuipa taasisi nyingine au kuiuza. Ukiombwa upekee, uliza unalipwa nini kwa kujifunga, kwa miaka mingapi na kwa nchi zipi. Afrika Mashariki ibakize mkononi mwako kila inapowezekana, kwa sababu kikundi cha wasanii cha Dar es Salaam au chuo cha Bujumbura hakitamudu ada iliyopangwa kwa makumbusho ya Ulaya, nawe utataka kuwapa kazi kwa masharti yenu wenyewe. Matumizi ya intaneti yapewe kifungu chake, tofauti na kumbi.

Kifungu cha uhifadhi ndicho watu hukiruka, nacho ndicho kitakachoamua kama kazi yako itakuwepo baada ya miaka hamsini. Kiseme kwamba taasisi inaruhusiwa kunakili kazi kwenda mfumo mpya kila inapobidi, bila kubadilisha picha na sauti. Kwamba kaseti na mafaili uliyoyakabidhi ni mali yako au ni mali yao, moja kati ya hayo. Kwamba utapewa nakala ya faili watakalotengeneza kutoka kaseti yako. Na nani analipia uhamishaji huo. Halafu kiseme nini kitatokea taasisi ikifungwa. Hofu hiyo ina msingi: Lux Centre ya London ilifungwa mwaka 2001, miaka minne tu baada ya kufunguliwa, na taasisi ya sanaa za vyombo vya habari ya Uholanzi ilifunga milango mwishoni mwa mwaka 2012 baada ya kukatiwa ruzuku. Katika visa vyote viwili walijitokeza watu walioziokoa kanda na kuunda taasisi mpya, LUX na LIMA. Msanii asiache jambo hilo litegemee kujitokeza kwa watu. Aandike kwamba nakala zake zirudi kwake au kwa warithi wake, au zihamie taasisi aliyoitaja.

Utaulizwa uthibitishe kwamba kila kilichomo ni chako au umeruhusiwa kukitumia. Hapa kazi zetu nyingi hukwama, kwa kuwa muziki hupita kila mahali katika maisha yetu: taarabu ya harusi inayosikika dirishani, wimbo wa redio ndani ya daladala. Andika orodha ya kila kipande cha muziki kinachotambulika na uombe ruhusa kwa maandishi kwa mwenye nacho. Ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, ni mahali pa kuanzia kuuliza. Kwa watu uliowarekodi, ridhaa ya mwaka 1998 ya kurekodiwa kijijini haikumaanisha kutazamwa Chicago. Rudi ukawaulize, au ukawaulize watoto wao. Na ikiwa kazi ina mambo ya unyago au jando ambayo wenyewe hawakukusudia yaonwe na kila mtu, hakuna mkataba unaohalalisha kuyasambaza. Kata sehemu hiyo, au weka sharti kwamba kazi ihifadhiwe bila kuonyeshwa.

Kodi ni jambo fupi lakini linauma. Mrabaha unaolipwa na taasisi ya Marekani kwa mtu wa nje hukatwa asilimia 30 pale pasipo na mkataba wa kodi baina ya nchi mbili, na Tanzania na Kenya hazina mkataba huo na Marekani. Utajazishwa fomu ya W-8BEN. Ijaze, tunza stakabadhi, na uulize mamlaka ya kodi ya nchi yako namna ya kuitaja kodi iliyokwisha kukatwa.

Nakala zinazobaki nyumbani

Hata baada ya kukabidhi, baki na nakala tatu: diski mbili za aina tofauti, na moja ikae katika nyumba nyingine au mji mwingine, mbali na moto na mafuriko yaliyoweza kuikuta ya kwanza. Kwa kila faili tengeneza msimbo wa uhakiki kwa programu ya bure, ule mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika iwapo hata biti moja ya faili imebadilika, na uandike msimbo huo katika daftari lako la mwanzo. Mara moja kwa mwaka, tuseme wiki ya kwanza ya Januari, washa diski zote, linganisha misimbo, na pale isipolingana rudisha faili kutoka nakala nzima. Diski iliyofikisha miaka mitano ibadilishwe ingawa bado inafanya kazi.

Mwishowe andika hati ya kurasa mbili kwa ajili ya watakaokurithi: taasisi zilizo na kazi zako na tarehe za mikataba, mahali diski zilipo, maneno ya siri, nani apokee mrabaha, na nani mwenye ruhusa ya kuamua kuhusu runinga za chogo na kuta za mita sita. Itie saini mbele ya mashahidi na uiweke pamoja na wasia, kwa sababu msambazaji akipata barua ya mtu anayejitambulisha kuwa mtoto wa msanii, kitu cha kwanza atakachoomba kuonyeshwa ni karatasi hiyo.